Kura Sita za Kibanda cha Giza

Jumatatu, 13 Januari

Baridi nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Barafu ya Ziwa Osmund inchi kumi na tano. Mimi mzima. Bernadine, mke wangu, mkali, kisa nimeacha viatu vyenye theluji jikoni.

Habari kubwa! Nimefungua jukwaa letu la mtandaoni, Barafu ya Osmund, wanachama mia nne na kumi na wawili, nikakuta tangazo la Bi Arlys Nygaard. Ndiye mwanzilishi. Miaka sabini na sita, zamani mkutubi wa shule yetu. Miaka kumi na tisa sasa, kila asubuhi ya majira ya baridi, anatoka na keekee yake, anatoboa barafu, anaandika unene wake jukwaani. Hajakosa siku. Hata siku ya mazishi ya mumewe aliandika, na akaomba radhi kwa kuchelewa. Namwogopa mwanamke huyu kuliko dubu, na namhusudu kuliko mtu yeyote katika jimbo zima la Minnesota.

Tangazo lina mambo mawili. Kwanza, jukwaa linahamia kwenye mtambo mpya na inabidi tuchague sura ya kuanzia, yaani ile anayoikuta mtu akifungua tu, kabla hajabonyeza chochote. Nyeupe yenye maandishi meusi, au nyeusi yenye maandishi meupe. Kura mpaka Jumamosi saa sita mchana. Pili, wiki ijayo anakwenda kutolewa mtoto wa jicho. Wiki tatu hatashika simu wala keekee. Anatafuta mtu wa kumwachia funguo za jukwaa.

Funguo! Mikononi mwangu mimi, Delmar Tveit!

Nimeona uhusiano papo hapo. Atakayeshinda kura ya sura ataonekana kiongozi. Kiongozi hupewa funguo. Bernadine anasema haoni uhusiano wowote. Ndiyo maana Bernadine si kiongozi.

Upande wangu uko wazi. Mimi ni mtu wa kibanda cha giza. Sisi tunakaa ndani ya kibanda kisicho na dirisha, tumekata tundu kubwa kwenye barafu, tunatazama maji yanavyong'aa kijani kule chini, tunachezesha samaki wa mbao kwenye uzi, na paiki, samaki mkubwa mwenye meno, akija kumtazama, mkuki! Ukifungua simu ikawa nyeupe, kibanda chote kinawaka kama duka la magari. Paiki anaona sura yako. Hakuna samaki anayestahili jambo hilo.

Upande wa pili ni watu wa ndoo. Wanakaa nje juani, juu ya ndoo zilizopinduliwa, na ndoano zao ndogo ndogo. Wanataka nyeupe. Jemadari wao ni Gaylord Pihl, tarishi mstaafu, mjane, mtu mwungwana mno. Inaudhi.

Jumanne, 14 Januari

Nimefungua kampeni! Maneno mia tisa. Nimeanza na mababu zetu walivyovuka bahari, nikapita kwenye heshima ya giza, nikamalizia na macho ya paiki. Nililia kidogo nikiandika.

Matokeo kufikia chakula cha mchana: nyeusi kura tisa, nyeupe thelathini na moja.

Gaylord alijibu kwa mistari miwili tu. Aliandika kwamba amesoma yote, kwamba ile sehemu ya mababu imemgusa, na kwamba yeye kule nje, jua likipiga theluji, skrini nyeusi haioni kabisa, anaona pua yake tu. Watu thelathini na wanane walimpigia makofi. Na mimi nilimpigia. Mkono ulijiendea wenyewe.

Kisha mtu mmoja aliuliza kwani mnagombania nini, si kuna kitufe pale juu kulia, kila mtu ajibadilishie apendavyo. Nikamjibu kwamba hili ni suala la msingi. Akauliza msingi gani. Nikamfungia mazungumzo. Halafu nikakumbuka kwamba sina uwezo wa kumfungia mtu mazungumzo, kilichofungika ni simu yangu.

Bernadine aliuliza swali lile lile wakati wa chakula. Mbele ya bakuli la viazi na nyama, mtu hapaswi kuulizwa maswali ya msingi.

Jumatano, 15 Januari

Mpango! Mzuri kupita yote!

Upungufu wangu ni watu. Basi nimetengeneza watu. Wanachama wapya watano, wote wa vibanda, wote wapenzi wa giza: Hjalmer, Ansgar, Knute, Fritjof, na mjane mmoja anaitwa Tillie. Tillie niliongeza kwa ajili ya usawa.

Kulikuwa na kikwazo kimoja. Jukwaa letu halimkubali mgeni kwa barua pepe tu. Ni desturi aliyoiweka Bi Arlys mwanzo kabisa: mgeni anajitambulisha kwa picha ya tundu lake, na upawa wake wa kuzoa barafu umelazwa pembeni. Uso hatuutaki. Jina halitusumbui. Tundu na upawa, basi, umeingia, una haki ya kura.

Nikatoka na simu. Nikapiga tundu langu picha kutoka kaskazini. Kisha kusini. Kisha mashariki, magharibi, na moja nimepanda juu ya jiko la gesi. Upawa nilibadilisha kila mara: wangu, wa Bernadine wa supu, kijiko kikubwa cha kanisa, koleo la jivu, na kikaangio. Watu watano kamili! Nilisimama nikazitazama zile picha kwa fahari. Ningekuwa mpelelezi ningefika mbali.

Kufikia saa tisa alasiri wote watano wamekubaliwa na wamepiga kura. Nimetafuta na wengine kwa njia halali, nimempigia simu kila mwenye kibanda kuanzia hapa hadi mashine ya mbao. Nyeusi thelathini na nane! Nyeupe thelathini na tisa! Tunapumuliana shingoni!

Tatizo dogo. Tillie amependwa. Wanaume wanne wamemkaribisha. Gaylord mwenyewe amemwandikia kwa upole kabisa, akamwambia ajihadhari na sehemu ya magharibi ambapo kijito kinaingia, barafu ya pale ina hila, na apake viatu vyake mafuta ya mink yasiingize maji. Kisha akauliza kama Jumamosi atakuja kunywa kahawa ukumbi wa chini wa kanisa, matokeo yatakaposomwa.

Nilijibu, kwa niaba ya Tillie, kwamba ana mafua.

Gaylord akajibu: pole sana dada yangu, unywe maji moto, nitakuletea supu, unakaa wapi?

Nilizima simu. Bernadine alisema ananitazama tu. Nikamwuliza ananitazamaje. Akasema anavyonitazama kila siku, ila leo kwa muda mrefu zaidi.

Alhamisi, 16 Januari

Sijui nianzie wapi.

Nilikuwa nimepanga pigo la mwisho: kumwalika Bi Arlys kibandani kwangu aone kwa macho yake madhara ya skrini nyeupe. Nilijua akikubali yeye, watu ishirini watamfuata. Alikuja saa nne asubuhi kwa miguu, maili nzima juu ya barafu, kwa koti lile lile jekundu alilokuwa akilivaa nikiwa darasa la tano. Alikataa mkono wangu mlangoni. Aliniuliza kama bado nasoma vitabu kuanzia mwisho. Nikasema hapana, Bi Arlys. Uongo.

Tukakaa gizani. Bakuli la mwanga wa kijani miguuni petu. Samaki wa mbao anazunguka. Dakika arobaini kimya. Mama huyu anajua kukaa kimya! Sijawahi kuona. Hakukohoa, hakuuliza saa, hakusema ana baridi. Mkuki wangu ulikuwa umeegemea upande wake.

Mara paiki huyo! Wa kadiri, kama mkono wangu. Akasimama chini ya samaki wa mbao, anamkodolea macho. Nikamnong'oneza Bi Arlys kwamba sasa aangalie kwa makini. Nikafungua jukwaa, sura nyeupe, nikaigeuzia majini. Paaa! Kibanda kizima kikawa mchana. Paiki akatoweka.

Ushindi! Nikamgeukia nikaanza hotuba. Nilikuwa na hoja saba. Nilimwambia kwamba ameona mwenyewe, kwamba viumbe wanakimbia, kwamba hii ndiyo hali tunayoishi sisi watu wa vibanda kila siku. Nilikuwa kwenye hoja ya tatu, mkono mmoja umeinua simu juu bado inawaka, nilipomwona hanisikilizi. Anatazama tundu. Akanyoosha mkono, akashika mkuki, akauingiza majini polepole kama mtu anayechovya mkate kwenye kahawa. Akauachia.

Paiki mkubwa kuliko wote niliowahi kuona Osmund! Alikuja kuufuata mwanga! Mwanga wangu! Tulimvuta wote wawili, maji yakaniingia hadi kifuani, Bi Arlys hata miwani haikuteleza. Ndani ya kibanda changu. Kwa mkuki wangu. Akiwa na jicho moja na nusu.

Nilipiga kelele kama mtoto. Sikuweza kujizuia. Ule mkuki alivyouachia! Nimekaa miaka thelathini kwenye vibanda na sijawahi kuuachia mkuki hivyo.

Kisha akatoa simu yake apige picha, na hapo ndipo nilipoona. Simu yake imefungua jukwaa. Nyeusi.

Nikamwambia, lakini Bi Arlys, wewe si umepigia nyeupe? Uliandika hadharani! Akasema ndiyo. Alisema nyeupe inamchoma macho, kila herufi inatapanya mwanga kama taa za lori kwenye tufani ya theluji, ndiyo maana yake aliigeuza miaka miwili iliyopita, akabonyeza mara mbili, yakaisha. Akasema, "Delmar, sura ya kuanzia siyo yangu wala siyo yako. Sisi tunajua pa kubonyeza. Ni ya yule asiyejua. Amefika pale kwenye gati na watoto, glavu mkononi, jua limempofusha, anataka namba moja tu: barafu ni inchi ngapi. Huyo akikosa kuisoma, hatabonyeza kitu. Atakwenda tu."

 Hoja nne zilizobaki nilizimeza.

Akaniomba nimkatie paiki vipande, nusu yake, nusu yangu. Akarudi zake kwa miguu na mfuko begani. Nilimtazama mpaka akawa doa jekundu. Nimempenda mama huyu leo zaidi ya jana, na naandika hivyo bila aibu.

Ijumaa, 17 Januari

Sikulala vizuri. Dhamiri. Au paiki, Bernadine alimkaanga kwa siagi nyingi.

Maneno ya Bi Arlys yananizunguka kichwani. Yuko sahihi. Yuko sahihi kabisa! Nimekata shauri kuwafuta Hjalmer, Ansgar, Knute, Fritjof na Tillie, wote watano, na kuomba radhi.

Nilifungua kuwafuta. Nikaona hesabu. Nyeusi arobaini na nne, nyeupe arobaini na mbili. Tunaongoza!

Nitawafuta kesho, saa sita na dakika moja.

Jumamosi, 18 Januari

Ukumbi wa chini wa kanisa ulijaa. Kahawa, keki za mraba za aina sita, na watu waliovaa suruali za theluji wakitoa jasho kwa adabu. Nilivaa tai. Nilikuwa na hotuba ya kupokea funguo mfukoni. Gaylord alikuwa na chupa ya supu mezani mbele yake, imefungwa kitambaa. Sikuweza kuitazama.

Bi Arlys alisimama, akasoma. Nyeupe arobaini na saba. Nyeusi thelathini na tisa.

Thelathini na tisa! Nikajumlisha vidoleni chini ya meza. Arobaini na nne ukitoa watano. Nikahisi masikio yanawaka. Nikamsubiri anitaje. Hakunitaja. Alikunja karatasi, akasema kila kura iliyostahili imehesabiwa, kisha akasema mtambo mpya utawashwa jioni, na kwamba ripoti ya barafu itaandikwa kwa herufi kubwa. Basi. Watu wakarudi kwenye keki.

Gaylord alivuta kiti akakaa karibu nami. Alizungumza chini chini, kwa ule upole wake. Alisema tundu lako kila mtu ziwani analijua, Delmar, kile kipembe cha kusini ambapo msumeno ulikukwamia siku ya Krismasi, ukatukana mpaka watu wa gati wakavua kofia. Akasema kwenye picha ya Ansgar kilikuwa kushoto, kwa Fritjof kilikuwa juu, lakini ni kipembe kile kile. Walijua tangu Jumatano saa kumi. Wote. Bi Arlys ndiye aliyewaomba wanyamaze ili nipate nafasi ya kujirudi mwenyewe.

Nikamwuliza, na Tillie? Ulijua Tillie ni mimi? Akasema alijua tangu jibu la kwanza. Akasema lakini nyumba yake iko kimya siku hizi, na Tillie alikuwa anaandika vizuri, hakuona sababu ya kuharakisha kuachana naye. Kisha akanisukumia ile chupa. "Kunywa, bwana. Si ulisema una mafua?"

Supu ya kuku na mchele mwitu. Sijapata kunywa supu tamu hivi. Nilishindwa kumchukia hata kwa muda wa kijiko kimoja.

Na bado halijaisha. Watu walipoanza kuondoka Bi Arlys aliniita pembeni, penye makoti. Nikajua sasa ni kufukuzwa. Nikavua tai. Akaniwekea kikaratasi mkononi. Nenosiri la jukwaa! Na keekee yake!

Nilimwambia kuna makosa, funguo ni za Gaylord. Akasema Gaylord ndiye aliyenipendekeza, nyonga yake haiwezi tena kutoboa barafu kila asubuhi. Akasema yeye mwenyewe amefikiri sana. Kuna wanachama mia nne na kumi na wawili, na wengi wanalipenda jukwaa, lakini hajaona mwingine aliyelipenda mpaka akazaa watu watano kwa ajili yake. Ila ni lazima niahidi nimeelewa kwa nini ni nyeupe. Nikaahidi.  Akanipigapiga begani akasema vizuri, na kwamba nisiguse chochote zaidi ya namba.

Nimewafuta watano. Kumfuta Tillie kuliniuma kuliko nilivyotegemea.

Jumatatu, 20 Januari

Inchi kumi na sita na nusu. Nimetoboa mahali sita, kama anavyofanya yeye. Vidole havihisi. Miaka kumi na tisa alifanya hivi! Kwa mikono ile! Magharibi penye kijito ni inchi tano tu, nimeandika HATARI.

Watu ishirini na wanne wamenishukuru. Gaylord aliandika: kazi safi, kaka. Nimesoma mara kumi na moja.

Jumanne, 21 Januari

Inchi kumi na saba. Kijitoni bado tano, nimeandika HATARI tena.

Mtu na watoto wawili walisimama garini pale gatini, wakafungua simu, wakasoma, wakageuza wakaenda upande wa mashariki. Kwa ajili ya namba yangu! Nilisimama pale na keekee, nikawapungia mkono. Hawanijui kabisa. Nimemwelewa Bi Arlys leo, nimemwelewa hasa.

Alhamisi, 23 Januari

Inchi kumi na nane. Kijitoni bado tano, HATARI. Jua kali, anga halina wingu, theluji inameta mpaka machozi yanatoka.

Furaha! Upasuaji wa Bi Arlys umekwenda salama. Bernadine alimpelekea mkate wa viazi, akamkuta kavaa kiraka cha jicho kama haramia, anauliza inchi ngapi. Daktari amemruhusu leo kutazama simu kwa dakika tano. Bernadine anasema jambo la kwanza atakalofungua ni jukwaa letu.

Nilikaa jikoni nikafikiri. Mtu huyu ametufanyia yote haya, na sisi tumempa nini? Keki. Nikafikiri zaidi. Nimejifunza mengi wiki hizi mbili, kubwa kuliko yote ni kwamba kiongozi hajifikirii mwenyewe, anamfikiria yule mwingine. Nani mwingine zaidi ya yeye? Jicho bichi. Skrini nyeupe. Inachoma, alisema mwenyewe!

Basi nimeingia na funguo, nikaenda kwenye mipangilio, nikageuza sura ya kuanzia kuwa nyeusi. Kwa wote, ili aone kwamba jukwaa zima limesimama naye. Tena Jumamosi kuna mashindano ya uvuvi, wageni mia tatu kutoka mjini wameanza kufika gatini tangu asubuhi, nao pia watamheshimu bila kujua. Kubonyeza mara moja tu.  Bernadine aliniuliza kama yake Bi Arlys haikuwa nyeusi tangu zamani. Nikamwambia asiharibu zawadi.

Simu inaita. Gaylord. Namba nyingine nayo inasubiri, na nyingine, na ya sherifu, mkuu wa polisi wa hapa. Sijawahi kupongezwa na sherifu.